Barabara Kwanza, Damu Baadaye

Waendesha pikipiki wa kampuni walimbandika mkufunzi wao jina la Rula, na jina likamkaa kama glavu. Alikuwa mtu wa kupima. Mwendeshaji akianguka, Rula alifika na futikamba, akapiga magoti barabarani, akapima alama za breki na michubuko ya lami, kisha akarudi na maneno machache ambayo mara nyingi hakuna aliyetaka kuyasikia. Hakuuliza nani mwenye kosa. Aliuliza tairi lilikuwa wapi, mkono ulikuwa wapi, na zaidi ya yote, macho yalikuwa wapi.

"Pikipiki haiendi unakotaka," aliwaambia wageni siku ya kwanza darasani. "Inaenda unakotazama. Ukitazama shimo, utaingia shimoni. Ukimtazama mbuzi, utamchinja."

Kampuni ilipeleka dawa kwenye zahanati za mlimani na kurudisha sampuli za damu kwenye hospitali ya mjini. Barabara ya huko ilikuwa moja tu, nyembamba, ya kwenda na kurudi, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, kona juu ya kona kama utumbo. Aliyekuwa na njia hiyo, kijana mwepesi waliyemwita Mwewe, sasa alikuwa wodini, taya limefungwa waya. Gari lilimpiga kichwani akiwa katikati ya kona, ilhali tairi lake halikuwa limevuka mstari hata kidogo. Polisi waliliona hilo, ndugu zake waliliona hilo, na wote wakamlaani dereva. Rula alipima, akasema tairi lilikuwa upande wake na kichwa kilikuwa upande wa mwenzake. Tangu siku hiyo mama yake Mwewe hakuitikia tena salamu yake.

Jambo lenyewe si gumu. Kwao vyombo vyote hupita kushoto. Ukiingia kona ya kulia, unailaza pikipiki kulia, na mwili wako unalala nayo. Ukiubana mstari wa katikati, matairi yanabaki kwako, lakini helmeti inaning'inia ng'ambo ya mstari, mahali ambapo gari linalokuja lina haki ya kupita. Mwendeshaji hajui. Anatazama tairi lake, anajiona msafi.

Sasa njia ya mlimani ilitaka mtu mwingine, na aliyeiomba alikuwa binti yake Rula.

Binti huyo alikuwa amekaa stoo miaka mitatu, akibandika lebo kwenye chupa na kuwakabidhi wanaume mizigo ya kuendesha. Jioni na Jumapili alijifunza pikipiki mpaka viganja vikaota sugu. Mtihani wa kwanza wa mlimani alifeli, na aliyemfelisha alikuwa baba yake, maana mlimani hakukuwa na msimamizi mwingine aliyezoea kusimamia. Sababu ilikuwa ile ile: kichwa. Kanuni ya kampuni ilisema mtu akifeli mara mbili, ombi lake linafungwa na anarudi alikotoka. Leo ilikuwa mara ya pili.

"Mkitoka kwenye geti hilo ni mkufunzi na mwanafunzi, sawa," mkewe Rula alisema asubuhi hiyo akimimina chai. "Lakini mkirudi nawataka baba na binti. Wote wawili. Wazima."

"Mama, ni mtihani tu," binti alisema.

"Mlima huo huo umemfanya mwenzako anywe uji kwa mrija. Na wewe, mzee, usimtie mwanangu kiwewe. Ukimfelisha tena bila sababu, jioni utajipikia."

"Nikimfelisha kwa sababu?"

"Utajipikia pia."

Binti alicheka. Rula alikunja kitambaa chake mara mbili, pembe juu ya pembe, akakiweka kando ya sahani. Hakucheka kwa kuwa usiku kucha alikuwa ameona helmeti ikivuka mstari.

Uwanjani kwa kampuni wenzao walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao kama kunguru kwenye waya. Mwendeshaji mmoja mnene aliyeitwa Tangi ndiye aliyeanza.

"Haya jamani, leo Rula anapima damu yake mwenyewe!"

"Akimpitisha, undugu," mwingine akadakia. "Akimfelisha, roho mbaya."

"Kwa hiyo hana pa kutokea," Tangi alisema. "Mkufunzi, pole sana. Ningekuwa wewe ningejifanya naumwa tumbo."

"Tangi," binti alisema akifunga kamba ya helmeti, "siku ya mtihani wako hata zile koni za plastiki zilikimbia zenyewe."

Wakacheka, Tangi kuliko wote. Binti akamgeukia baba yake. Saa za kazi hakuwahi kumwita baba. Waliwekeana sharti hilo siku alipoajiriwa.

"Mkufunzi, niko tayari."

Meneja, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alitoa kichwa dirishani. "Jumatatu nahitaji mtu mlimani," alimwambia Rula. "Zahanati wananipigia simu kila siku. Lakini sitaki mtu wa kumfuata Mwewe wodini. Nadhani tunaelewana."

"Tunaelewana," Rula alisema.

Kupanda kulikwenda vizuri. Mvua nyepesi ya alfajiri ilikuwa imelowesha lami, na binti aliendesha kama anayebeba mayai. Alipunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Hakulipita gari lolote mahali asipoona mbele. Rula alikuwa nyuma yake kwa umbali wa kanuni, ule unaomwezesha msimamizi kusimama bila haraka, akitazama barabara na kumwona binti kama sehemu ya barabara. Hivyo ndivyo alivyowafundisha wasaidizi wake wa mjini wasimamie: usimtazame mwanafunzi, tazama njia, mwanafunzi ataonekana ndani yake.

Kileleni, karibu na mnara wa simu, lori lililojaa saruji lilikuwa limeegeshwa. Dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa akizunguka akigonga matairi kwa nyundo.

"Nyinyi wa pikipiki," aliwaambia, "tangulieni. Mimi nashuka na gia ndogo, lakini mzigo huu ukishaanza kuteremka una akili zake. Mkinisikia nyuma yenu msijifanye hodari, nipisheni. Sisimami kama baiskeli."

"Tumekusikia, mzee wetu," binti alisema.

Wakageuza na kuanza kuteremka.

Kona za kushoto alizichukua vizuri. Ya kwanza ya kulia aliichukua vizuri pia. Ya pili aliusogelea mstari. Ya tatu, Rula aliona helmeti nyekundu ikielea juu ya mstari mweupe, kisha ng'ambo yake, kwa urefu wa pumzi moja, na hapakuwa na gari. Alipiga honi mara mbili, ishara ya kusimama. Waliingia kwenye uwazi mdogo wa kando uliokuwa na lundo la kokoto za mafundi wa barabara.

"Kichwa kimevuka," alisema akiinua kioo cha helmeti.

"Tairi halikugusa mstari."

"Sikusema tairi."

"Mkufunzi, nilikuwa nautazama! Kati ya tairi na mstari ungeweza kulaza kiatu chako."

"Ulikuwa unatazama mstari. Hilo ni kosa la pili. Unatakiwa utazame kona inakoishia."

Binti aliinua kioo cha helmeti yake. "Mimi naomba tu kujua. Kweli umekiona kichwa changu kikivuka, au umeona taya la Mwewe? Maana tangu aanguke, kila helmeti kwako imevuka. Hata mama anasema unaota kwa sauti."

Lilikuwa swali la haki, na ndilo lililomchoma. Alikuwa nyuma kwa umbali wa kanuni, na kutoka umbali huo, ndani ya kona, kipimo cha kiganja kimoja ni cha kukisia. Yeye hakuwahi kumhukumu mtu kwa kukisia. Kama angemrudisha mtoto wake stoo maisha yake yote, ingekuwa kwa kitu alichokiona kwa macho, si kwa hofu.

"Bado kona mbili za kulia kabla ya daraja," alisema. "Hii haijahesabiwa. Nitakufuata kwa karibu ili nione. Zikiwa safi, umepita. Moja ikivuka, basi."

"Basi," binti alisema, akashusha kioo chake.

Juu yao, mahali fulani nyuma ya mwamba, injini ya lori ilikuwa ikinguruma kwa gia ndogo, na breki zake za upepo zikipiga chafya. Waliondoka kabla halijawafikia.

Kona ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa ndefu na ya wazi. Binti aliichukua kwa nje, kichwa kikiwa kwake kabisa. Rula alihisi kitu kikilegea kifuani. Mwanangu, alijisemea, halafu akajirekebisha: mwanafunzi. Alikuwa amemkaribia kiasi cha kusoma namba ya pikipiki yake. Mara kadhaa aligundua kwamba hakuwa akiiona barabara. Alikuwa akiiona helmeti tu, nyekundu, yenye mkwaruzo mdogo karibu na sikio, na kila mara aliyavuta macho yake kwa nguvu kama mtu anayemvuta punda.

Ya pili ilikuwa fupi na kali. Mwamba ulikuwa upande wa kulia, umeziba kila kitu; kushoto kulikuwa na kingo za chuma na baada ya hapo hewa. Binti alipunguza mwendo, akailaza pikipiki, akauingia ule mkunjo. Na palepale, kama kona yenyewe imemshawishi, akaanza kuubana mstari. Helmeti ikasogea. Ikafika juu ya mstari. Gari dogo jeupe likatokeza nyuma ya mwamba likipanda.

Rula alitazama helmeti. Hakutazama kingine chochote duniani.

Nafasi iliyobaki kati ya helmeti na kioo cha gari ilikuwa shibiri, labda pungufu. Gari likapita, binti akapita, na Rula alipoyarudisha macho barabarani, barabara haikuwepo. Mbele yake kulikuwa na kingo za chuma. Pikipiki ilikuwa imeacha kukunja kona tangu yeye alipoacha kuitazama. Mkono wake wa kulia, ambao kwa miaka ishirini ulikuwa umewakanya wengine, ukafanya kile alichowakataza wote: ulikaba breki ya mbele pikipiki ikiwa imelala, kwenye lami iliyolowa.

Tairi la mbele likateleza. Hakuruka wala kupaa kama watu wanavyosimulia. Alilala tu chini kwa kishindo, yeye na pikipiki, wakaserereka pamoja mpaka nguzo ya kingo ikawapokea. Kitu kilikatika chini ya goti lake kwa sauti ya kijiti kikavu.

Kisha kimya, isipokuwa gurudumu la nyuma lililoendelea kuzunguka.

Alijikagua kwa mpangilio. Kichwa kizima. Shingo inageuka. Mikono mizima. Mguu wa kulia ulikuwa chini ya pikipiki, umebanwa kati ya injini na nguzo, na petroli ilikuwa ikidondoka juu ya suruali yake. Alinyoosha mkono akazima ufunguo. Gurudumu likasimama. Na pale injini yake iliponyamaza ndipo aliposikia ile nyingine.

Lori lilikuwa linateremka.

Alijaribu kuisukuma pikipiki. Haikwenda popote. Alijaribu kuuchomoa mguu, akaona nyota mchana. Alikuwa amelala ndani ya njia ya wanaoteremka, nyuma tu ya mwamba, mahali ambapo dereva angemwona wakati ambapo kumwona hakungesaidia kitu. Sisimami kama baiskeli. Breki za upepo zilipiga chafya tena, karibu zaidi.

Viatu vilisikika vikija mbio kutoka chini. Binti alikuwa ametazama kioo chake cha kuonea nyuma baada ya kona, kama alivyofundishwa, akaona barabara tupu. Sasa alitokeza akikimbia, helmeti kichwani, kioo kimeinuliwa. Rula aliuinua mkono wake kumwelekea.

Binti alifika. Alimtazama uso, akautazama mguu, akautazama ufunguo. Ulikuwa mtazamo mmoja tu. Halafu akaliruka tairi la mbele na kuendelea kukimbia, kupanda, akipotea nyuma ya mwamba bila kutamka neno.

"Mwanangu!" Rula alipiga kelele. "Mwanangu, nimebanwa!"

Viatu havikusimama.

Kwa muda mfupi Rula hakuwa mkufunzi wa mtu yeyote. Alikuwa mzee aliyelala barabarani, na mtoto aliyembeba mgongoni alikuwa amempita kama anavyopitwa mbwa aliyegongwa. Hata machozi yalimjia, na hakuwa mtu wa machozi.

Kisha akasikia, kana kwamba kuna mtu anamsomea, sauti yake mwenyewe darasani. Barabara kwanza, damu baadaye. Aliwaambia hivyo kila mwaka: penye kona iliyozibwa, mwema wa kwanza hupiga magoti kando ya majeruhi, na gari la pili huwaua wote wawili. Ukimpenda, mwache. Kimbia ukalisimamishe gari, ndipo urudi. Darasa zima lilimnung'unikia. Mkufunzi, huna huruma, walisema. Na Tangi akauliza, yaani ndugu yangu anavuja damu mimi nakimbia riadha? Binti yake siku hiyo alikuwa amekaa kiti cha nyuma, akiandika.

Rula alilaza kichwa kwenye lami. Hakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

Alisikia injini ikikua. Alisikia sauti ya binti, kali, isiyo na maneno. Honi ikalia, ndefu, ikakatika. Kisha breki, matairi yakilia, mifuko ya saruji ikigongana, na chini ya mgongo wake lami ikatetemeka. Pua ya lori ikatokeza nyuma ya mwamba, kubwa kama nyumba, ikija polepole, polepole zaidi, ikinuka breki zilizoungua, ikasimama. Tairi la mbele lilikuwa karibu kiasi kwamba Rula aliweza kusoma maandishi ya ubavuni mwake.

Lakini binti hakuonekana.

Alitazama chini ya lori, kati ya magurudumu, akitafuta rangi nyekundu na akiomba asiione. Mlango wa dereva ulifunguka. Miguu ya mzee ilishuka. Kulikuwa na miguu hiyo tu.

"Yuko wapi?" Rula aliuliza. Sauti haikutoka. Aliuliza tena. "Mwanangu yuko wapi?"

"Mwanao?" Mzee wa lori alikuwa amekuja mbio, kofia imekaa upande. "Yule kichaa ni mwanao? Kasimama katikati ya njia anapunga fulana kama anafukuza nyuki! Nimekanyaga breki mpaka goti likagusa kidevu! Karuka pembeni dakika ya mwisho kama panzi, mimi nikajua nimeshaua..."

"Niko hapa, baba."

Alitokeza ubavuni mwa lori, upande wa mwamba, fulana ya kung'aa mkononi, kiwiko kimechubuka. Alikuwa amesema baba saa za kazi, na hakuna aliyekumbuka sharti.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Mzee wa lori alitaka kumvuta Rula kwa makwapa, binti alimzuia. Alitaka kumvua helmeti ili apate hewa; binti alimzuia tena. "Mzee wangu, nisaidie pikipiki, huyu mwache alivyo." Wakainyanyua pikipiki pamoja, mzee akaiegemeza kwenye kingo. Binti alipiga simu mjini, akataja kona na hali ya mguu kwa maneno machache, kama anayesoma lebo. Alifunga mguu kwa kipande cha ubao kutoka kwenye lori na mikanda ya sanduku la dawa.

"Ulinipita," Rula alisema.

"Ningekusemesha, ningesimama," binti alisema. "Ningesimama, nisingeondoka tena."

Akatikisa kichwa, akanyanyuka kwenda kuweka matawi nyuma ya lori ili wanaoteremka waonywe mapema.

Rula alimfuata kwa macho. Hakuwa na kazi nyingine ya kuyapa. Alimwona akirudi, akitembea ng'ambo ya mstari wa katikati, kando ya ubavu wa lori. Alimwona akisimama. Binti alitazama chini: magurudumu yote ya lori yalikuwa ndani ya njia yake, yamesimama kihalali kabisa, na kati yake na mstari ungeweza kulaza kiatu. Kisha akatazama juu. Bodi ya lori ilitokeza nje ya magurudumu, na kando ya bodi kulikuwa na safu ya kulabu za chuma za kufungia turubai, zimekaa juu ya mstari kama meno.

Binti alitanua miguu kidogo, magoti yakakunjika, kama mtu aliyekalia pikipiki. Alikuwa amegeukia kileleni kama anayepanda, mstari ukiwa kuliani kwake, mahali ambapo tairi lake lingepita. Akalaza mwili kulia, taratibu, kama anavyolala kwenye kona.

Helmeti iligusa kulabu. Tok.

Akabaki hivyo, ameinama, kichwa kikiwa kwenye chuma. Mzee wa lori alimtazama, akamtazama Rula, akadhani mshtuko umempanda.

"Binti, njoo ukae, unywe maji."

Kwa mwaka mzima Rula alikuwa amelisema jambo hilo kwa kalamu, kwa chaki na kwa koni za plastiki. Sasa hapakuwa na la kuongeza.

Jioni hiyo wodini, mguu ukiwa ndani ya plasta na umening'inizwa, Rula alimwomba meneja avute kiti. Binti alikuwa amesimama dirishani. Mkewe alikaa upande wa kichwani na hakuwa amezungumza naye tangu aingie, ila alikuwa amemshika mkono na hakuuachia. Mlangoni Tangi alijaza nafasi yote.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Tangi alisema. "Leo mkuu hakujisikia mwenyewe."

"Toka nje," meneja alisema.

"Mwache," Rula alisema. "Amesema kweli." Akamgeukia meneja, na sauti yake ikawa ile ya kutoa taarifa. "Kona ya mwisho kabla ya daraja, kichwa cha mwanafunzi kilivuka mstari. Nilikiona. Mimi nilikuwa namfuata ndani ya umbali uliokatazwa. Nilimtazama yeye badala ya barabara, nikakaba breki ya mbele ndani ya kona. Gari lililopita halina kosa. Lori halina kosa. Lami ilikuwa imelowa, lakini ilikuwa imelowa tangu asubuhi, na nililijua hilo."

"Kwa nini ulimkaribia?"

Rula alitazama dari. "Nilitaka kuwa na hakika. Mwanafunzi mwingine ningemwamini kwa macho ya mbali."

Meneja akamwita binti kwa kidole. "Na wewe unasemaje? Tairi halikugusa mstari?"

"Halikugusa," binti alisema. "Kichwa kilivuka. Kingekuwa mahali pa kulabu."

"Mwewe mpaka leo anaapa lile gari lilimfuata upande wake. Taya halifunguki, anaapa kwa kuandika." Meneja alisimama, akaning'iniza mkoba begani. "Mtihani ambao msimamizi amevunja kanuni si mtihani. Hujapita, hujafeli. Zahanati zitanivumilia wiki moja, Tangi atapeleka, Mungu azisaidie springi za pikipiki yake. Wewe utarudia wiki ijayo."

Alipotoka, Tangi akamfuata akilalamikia springi. Mkewe Rula akamgeukia mumewe.

"Nilisema wazima."

"Mmoja na nusu," Rula alisema.

"Na bado utajipikia. Utakaa kwenye kiti, utajipikia."

Binti alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, mbali na mguu. Alikuwa na helmeti mapajani. Karibu na sikio, juu ya mkwaruzo wa zamani, kulikuwa na alama mpya, ndogo, ya kutu. Aliisugua kwa kidole gumba, haikutoka.

"Wiki ijayo," alisema, "nani atanifuata? Wewe ndiye msimamizi wa mlimani."

"Hata Tangi anaweza kufundishwa kutazama."

"Baba, niambie kweli. Nani?"

Rula alifikiri. Alipitia majina yote ya uwanjani, mmoja mmoja, akipima macho ya kila mtu.

"Sijui bado," alisema. "Yeyote asiye baba yako."